Salamu za Mwaka Mpya kutoka Sibu

Wazazi wetu, shikamooni. Mama zangu wadogo, wajomba, kaka, dada na watoto wote wa nyumbani Machame, na mlioko Dar, Arusha na Nairobi, nawasalimu katika jina la Bwana. Kesho, Jumanne tarehe 17 Februari 2026, huku Sarawak, Malaysia, tunaingia mwaka wa Farasi wa kalenda ya Kichina. Keshokutwa ni Jumatano ya Majivu, na wiki hiihii majirani zetu Waislamu wanaanza mfungo. Kila mlango una lake wiki hii.

Mwaka ulikuwa mgumu, hilo mnalijua. Mama mkwe alituacha mwezi wa nane, kwa hiyo mwaka huu hatuendi kwa watu kusalimia, na mlangoni hatukubandika karatasi nyekundu za furaha. Bei nazo hazina huruma. Nyie mnaijua nauli ya Moshi ikifika Desemba; basi Wafoochow, hawa Wachina wa kwa mume wangu, nao wakitaka kurudi Sibu sikukuu, tiketi ya ndege kutoka Kuala Lumpur inapanda vilevile, na walioko Singapore safari hii wametuma bahasha za pesa tu. Machenza yapo, lakini tumenunua ya kuhesabu.

Katikati ya msiba huo Mungu ametupa mtoto. Mke wa shemeji yangu alijifungua Januari, mtoto wa kiume, na kwa kuwa mama hayupo, kazi ya kumlea mzazi ikaniangukia mimi mkwe mkubwa. Mchagga wa kupika mtori, nimesimama jikoni mwezi mzima nakaanga tangawizi kongwe kwa mafuta ya ufuta, natia kuku, namimina ang chiew, mvinyo mwekundu wa mchele, kisha tambi za mee sua na yai juu yake. Asubuhi hivyo, jioni hivyo. Mzazi asiguse maji baridi, asipigwe upepo, asioshe nywele. (Zamu yangu ilipofika miaka ile nilikuwa nimesuka twende kilioni, mama mkwe akazitazama, akaridhika.)

Wakati ule sikujua neno la Kifoochow wala yeye la Kiswahili. Aligonga bakuli kwa kijiko, nikajua ni kula. Nikilia usiku alikuja kumchukua mtoto bila kuniuliza kitu. Mama, wewe ulikuwa mbali na ulikuwa unaumia kwamba hukuweza kuja kunilea. Sikuwahi kukwambia wazi: nililelewa.

Mwezi wa mtoto ulipotimia Jumamosi pakawa na mjadala. Mayai ya mtoto lazima yapakwe rangi nyekundu, na nyumba ina msiba. Mashangazi wakasema yagawiwe meupe. Baba mkwe, ambaye tangu Agosti alikuwa hasemi zaidi ya maneno mawili, akasema mlango ubaki ulivyo, mayai yawe mekundu. Tukayapaka. Mimi vidole havijatakata mpaka leo.

Kilichonishika moyo ni ule mvinyo. Ulikuwa mtungi wa mwisho aliouvundika mama mkwe mwenyewe kabla ya kuugua, mchele wa kunata na chachu yake nyekundu, na mzazi ameunywa karibu wote kwenye supu. Mjukuu ambaye hakumwona amelelewa kwa mkono wake. Sasa tutanunua wa chupa sokoni, kwa sababu katika nyumba nzima hakuna aliyekaa naye akajifunza. Mwaka huu imetimia miaka 125 tangu Wong Nai Siong, kiongozi wa Wafoochow, awalete hapa watu zaidi ya elfu moja kutoka Fujian, China, wakalima, wakashindwa mpunga, wakahamia mpira, na muda wote huo mitungi ilikuwa haikauki. Kwetu imekauka kwa uvivu tu.

Ndugu zangu, nisemeje? Tunawaachia wazee kazi zote halafu tunashangaa wakiondoka nazo. Siku hizi mwanamke anajifungua leo, wiki ijayo anajibu simu za ofisini, na sisi tunatuma picha ya maua. Maua hayashushi maziwa! Nenda ukampikie. Waume, chukueni likizo, mchinje kilicho cha kuchinja. Vijana, kaeni jikoni na bibi zenu, simu ziwekeni pembeni. Maandiko yanasema waheshimu baba yako na mama yako, hayakusema uwaheshimu mazishini.

Na mimi nimeanza na nafsi yangu. Mama, nikija Desemba utanifundisha mbege, tangu kuotesha ulezi.

Basi, tunawatakia heri na fanaka, afya njema, riziki pana na baraka tele. Wagonjwa wapone, wasafiri wafike, wanaotafuta watoto Mungu awakumbuke. Babu mwambieni mayai yake mekundu yapo pichani. Wanaotaka kumwona mtoto wapige kesho kabla ya saa nane mchana ya huko. Huku itakuwa saa moja usiku, na baada ya hapo baba mkwe huwa anamchukua na hamrudishi.