Wanaojitolea shambani wapeni tuta kabla ya fulana

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie mashamba ya mboga ya jamii, yawe ya mtaa, ya shule, ya msikiti au ya kanisa, ambayo siku hizi yanatangaza nafasi za mafunzo na za kujitolea. Nia ni njema na vijana wanaojitokeza si haba. Tatizo ni kwamba mpango wenyewe mara nyingi ni wa siku moja. Watu arobaini wanafika Jumamosi saa 4 asubuhi, wanagawiwa fulana, wanapanda miche jua likiwa utosini, picha zinapigwa, wanaondoka. Jumatatu miche imelala chini, na anayeulizwa ni mlinzi.

Mafunzo ya mboga yanapaswa kufuata umri wa mboga. Mchicha hung'olewa wiki 3 hadi 4 baada ya kusiwa. Sukuma wiki hukaa kitaluni wiki 4, na ikishahamishwa huchukua wiki nyingine 4 hadi 6 kabla ya kuchumwa mara ya kwanza. Kwa hiyo wiki 12 zinamtosha mtu kuvuna mchicha mara tatu na kuchuma sukuma wiki kwa muda. Chini ya hapo anajifunza kupanda tu, na kupanda ndiyo sehemu rahisi. Shamba darasa, utaratibu ambao Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliuanzisha kwa wakulima wa mpunga huko Indonesia mwaka 1989, lilijengwa juu ya wazo hilohilo: kundi la watu 20 hadi 25 linakutana shambani kila wiki, msimu mzima, na wenyewe wanakagua mimea kabla ya kuamua la kufanya.

Tunachopendekeza ni kila anayejitolea apewe tuta lake, upana mita 1 na urefu mita 10, na kibao chenye jina lake. Aje mara mbili kwa wiki, kuanzia saa 12:30 asubuhi hadi saa 3:30. Tuta hilo linahitaji debe mbili hadi tatu za samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi, na ile ya ng'ombe huleta magugu ambayo mwanafunzi atayang'oa mpaka achoke na kilimo chenyewe.

Zao la kwanza liwe mchicha, kwa sababu humwonyesha mtu kosa lake mapema. Vijiko viwili vya chai vya mbegu vinatosha tuta zima. Mbegu ni ndogo mno, hivyo ichanganywe na mchanga mkavu mara kumi ya ujazo wake, imwagwe kwenye vifereji vilivyoachana sentimita 20, ifunikwe kwa udongo mwembamba sana. Ikizama sentimita 2 haioti, na lawama hupelekwa kwa muuza mbegu. Ikiachwa wazi, sisimizi wanaibeba usiku kucha.

Kitalu ndipo panapohitaji mkufunzi asiyebanduka. Mistari iachane sentimita 15, mbegu ya sukuma wiki izame sentimita 1, juu ziwekwe nyasi kavu. Mbegu ikichomoza tu, nyasi ziondolewe jioni ileile. Ukichelewa siku mbili, miche inavutika, inakuwa miembamba na myeupe kama uzi, wala haitengemai tena. Ugonjwa unaomaliza kitalu ni kinyausi: shina linanyong'onyea pale linapogusana na udongo, mche unaanguka, kesho yake jirani zake wanafuata. Unatokana na msongamano na maji mengi, na wageni wenye moyo mzuri ndio wanaoongoza kwa kuuleta, kwani kila anayepita anaona heri amwagilie kidogo. Mwagilia asubuhi, mara moja, na punguza miche ili isigusane. Siku 7 hadi 10 kabla ya kuihamisha, punguza maji na ondoa kivuli taratibu ili miche izoee jua. Mche uliodekezwa kivulini hadi siku ya mwisho hauvuki wiki ya kwanza.

Kuhamisha kufanyike baada ya saa 10 jioni. Kitalu kiloweshwe kwanza, mche utoke na udongo wake. Kwa sukuma wiki acha sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya mche na mche: tuta moja linachukua mistari miwili, miche 44 hivi. Andaa 60, kwa kuwa mingine itakufa. Kosa la wageni hapa ni moja kila mara, shimo fupi. Mzizi unapinda na kutazama juu, mche unabaki hai lakini unadumaa wiki tatu, na hakuna anayejua kwa nini. Kosa la pili ni kutoshindilia udongo, hewa ikabaki kwenye mizizi. Kipimo ni rahisi: shika ncha ya jani moja, vuta taratibu. Jani likichanika mche ukabaki, umepanda vizuri. Mche ukitoka na jani, rudia. Asubuhi ukikuta mche umekatwa chini kabisa kama kwa wembe, fukua udongo kuuzunguka kwa kidole; sota, kiwavi anayekata miche, amejikunja hapohapo, hajaenda mbali.

Kuhusu maji, tuta la mita 10 za mraba wakati wa kiangazi linataka lita 40 hadi 60 kwa siku, yaani keni 4 hadi 6 za lita 10. Anayeanza humwagilia hadi udongo ubadilike rangi, akaridhika. Chini ya sentimita 2 bado ni vumbi, na mizizi inabaki juu ikisubiri kuungua. Achome kidole hadi pingili ya pili. Kikitoka kikavu, aendelee. Na kabla ya kupokea mtu yeyote, uongozi wa shamba uandike ratiba ya nani anamwagilia Jumapili na sikukuu. Miche mingi ya mashamba ya jamii hufa siku hizo.

Nyanya asipewe mtu wa msimu wa kwanza, hata akizililia. Zinataka vijiti, kupogolewa, na macho kila siku. Kiwavi wa kantangaze, nondo mdogo wa nyanya, huchimba ndani ya jani ambako dawa haimfikii vizuri, na ugonjwa wa bakajani chelewa ukipata siku chache za ubaridi na unyevu unasafisha shamba. Mtu akianzia hapo atajifunza kukata tamaa. Kwa mwaka mmoja apewe mchicha, sukuma wiki, figiri, mnavu na ngogwe kwanza.

Kunyunyizia viuatilifu si kazi ya anayejitolea, kabisa. Anayenyunyizia awe amefundishwa, avae kinga, na atumie kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Kibao kiwekwe kwenye tuta kikionyesha tarehe ya kunyunyizia na tarehe ya kuruhusiwa kuchuma, kwa kufuata siku zilizoandikwa kwenye lebo. Bila kibao, wa Alhamisi atachuma kilichonyunyiziwa Jumatano na kukipeleka nyumbani kwa watoto. Gambuti pia si pambo, kwani wanaosimama kwenye mifereji pekupeku wanaweza kuambukizwa kichocho. Waulizwe pia kama wamechanjwa pepopunda, maana samadi na jembe havipatani na kidonda.

Liko jambo ambalo huvunja makundi kuliko wadudu wote: mavuno ni ya nani? Liamuliwe kabla ya mbegu kuingia ardhini, liandikwe kwenye karatasi moja, pande zote zitie saini. Ziandikwe fungu la shamba, fungu la mwenye tuta, na nani anabeba gharama ya mbegu na maji. Nauli ilipwe. Shamba lisilolipa hata nauli litapata wenye uwezo tu, ambao wengi wao hawana haja ya kulima.

Wapo ambao kweli wana siku moja tu, na si vema kuwafukuza. Wapewe mboji. Lundo la mboji halidhuriki na mikono mingi. Lianze na vijiti vya kupitisha hewa chini, kisha majani makavu sentimita 20, majani mabichi, samadi kidogo, udongo kiganja hapa na pale, maji, halafu rudia hadi kimo cha mita 1 na nusu. Upana usipungue mita 1, la sivyo halipati joto. Chomeka mti mrefu katikati. Baada ya siku tano uchomoe na kuushika: ukiwa wa moto na unyevu, kazi inaendelea, ukiwa mkavu wenye unga mweupe, ongeza maji, ukinuka, maji yamezidi, geuza na uongeze majani makavu. Kundi la Jumamosi moja linajenga, la Jumamosi ya tatu linageuza, na baada ya miezi 2 hadi 3 debe za mboji zinawafikia wenye matuta.

Mwisho, tunawaomba wanaotangaza nafasi hizi, katika gazeti lako na kwingineko, waandike kwenye tangazo lenyewe: wiki ngapi, siku zipi na saa ngapi, chanzo cha maji ni kipi, tuta la mtu lina ukubwa gani, fungu lake la mavuno ni lipi, nauli ipo au haipo.

Wakufunzi wa shamba darasa la mboga,
Morogoro