Kuokoteza mtaani

Ndugu Mhariri,

Miaka kumi na tisa nalinunua gazeti lenu na sijawahi kuwaandikia. Leo imebidi, kwa sababu ya wale walimu mliowahoji wakasema elimu ni ya ndani ya shule, na kijana anayejifunza ufundi mtaani "anaokoteza tu".

Mimi ni fundi mwashi. Niliishia darasa la saba, nikabeba zege, nikawa saidia fundi miaka minne ndipo nikakabidhiwa mwiko. Mwaka juzi mwalimu mmoja wa hesabu wa sekondari aliniita kwenye kiwanja chake. Mambo, yaani vigingi, ameshapigilia, kamba ameshafunga, ili asinilipe hela ya kuseti, yaani kupima na kuchora msingi ardhini. Nikamwambia, mwalimu, hiki chumba kimekwenda upande. Akacheka, akaniuliza nimesomea wapi. Nikatoa futi, nikapima mita 3 huku, mita 4 huku, nikavuta mshazari: badala ya mita 5 kamili za kona iliyonyooka, sentimita 14 za ziada! Kimya. Kisha akasema, "Kumbe ni Pythagoras." Jina hilo ndiyo nalisikia siku hiyo, fundi wangu alisema tu "tatu-nne-tano", na ukikosea unabomoa mwenyewe. Huyu bwana amelichora hilo ubaoni miaka mingapi? Na watoto wangapi amewatisha kwamba wasipofaulu wataishia kubeba zege, zege hilohilo lililoshika nyumba anayolala na mkewe?

Halafu tuisheni. Ile ya barazani kwa mwalimu, Jumamosi, pesa mkononi, ni ndani ya shule au nje? Hiyo hamkuwauliza. Mama yangu alijua kusoma kwenye ngumbaru, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Aliyemfundisha ni mwalimu wa shule ya msingi, jioni, baada ya vipindi vyake, na hakumwambia anaokoteza. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nao wanatupima mafundi wa mtaani na kutupa cheti. Changu nimekitundika sebuleni.

Naomba mniletee walimu wenu wote Jumamosi, kwenye kiwanja chenye mteremko huku Kigurunyembe. Kila mmoja apewe mambo, kamba na mpira wa maji wa kupimia usawa, aseti chumba cha futi 10 kwa 12. Chai na chapati mbili nitatoa mimi. Gharama ya kubomoa ni yao.

Fundi mwashi,
Morogoro