Mwenye mtandao naye atoe sababu

Mhariri,

Mwandishi wenu wa wiki iliyopita alishikilia kwamba Facebook ni mali ya mtu, na mwenye mali hapangiwi. Asiyeridhika afunge akaunti ajiondokee. Naona kaisahau historia ya Facebook yenyewe.

Februari 2009 kampuni hiyo ilibadili masharti yake, ikaonekana inataka picha na maandishi ya watu yabaki mikononi mwake hata baada ya mtu kufunga akaunti. Watumiaji wakachachamaa. Mark Zuckerberg akarudisha masharti ya zamani, na mpango ukawekwa wa kuyapigia kura mabadiliko makubwa. Kura ya mwisho ilipigwa Desemba 2012. Walijitokeza watu 668,000 na ushei, na asilimia 88 kati yao wakayakataa mapendekezo ya kampuni, likiwemo lile la kuifuta kura yenyewe. Haikusaidia kitu: ili matokeo yawe na nguvu, walitakiwa wapige kura asilimia 30 ya watumiaji wote, yaani watu milioni 300 hivi. Kwa sharti kama hilo hata mimi ningeitisha uchaguzi kila wiki bila wasiwasi.

Sidai kura irudi. Mtandao usio na msimamizi hujaa matapeli na matusi upesi. Wala siombi serikali ishike rungu. Januari 2021 Facebook ilifuta akaunti ilizozihusisha na wizara ya habari na mawasiliano ya Uganda, uchaguzi ukiwa mlangoni. Serikali ikajibu kwa kuifungia Facebook nchi nzima, na kufuli likakaa miaka. Muuza viatu wa Kampala alihusikaje?

Mpangaji wa chumba kimoja Magomeni hupewa notisi. Basi anayefutiwa ujumbe au akaunti aambiwe kavunja kanuni ipi, apate pa kukata rufaa, na rufaa hiyo isomwe na mtu anayejua Kiswahili, si mashine inayobahatisha. Sababu na rufaa tayari zimo katika sheria ya huduma za kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika kikamilifu Februari 2024, na Facebook haijafungasha virago huko. Wabunge wetu wa Afrika Mashariki pale Arusha wanaweza kuanzia kwenye vifungu hivyo, kisha waongeze cha lugha.

Msomaji wenu,
Tanga