Ukiwa Dubai, lipa kwa dirhamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wafanyabiashara wenzangu wa Kariakoo, hasa hawa wanaoanza kufuata mzigo Dubai wakiwa na kadi ya benki badala ya bulungutu la dola kiunoni.

Tangu Serikali ilipotoa kanuni mwaka 2025 za kukataza bei za humu nchini kutajwa kwa fedha za kigeni, kuna hoja imezuka mitaani kwetu. Wanasema hata ukiwa ng'ambo, mashine ya kadi ikikuuliza unalipa kwa fedha gani, chagua shilingi. Eti ndiyo fedha yetu, na utajua papo hapo umetumia kiasi gani. Kanuni zile naziunga mkono kwa mikono miwili, maana kudaiwa kodi ya fremu kwa dola hapa Narung'ombe ilikuwa dharau. Lakini ni kanuni za Tanzania. Mwenye duka Deira, kule Dubai, hazimhusu, na uzalendo wako kwenye mashine yake yeye anaugeuza faida.

Mimi nauza mapazia. Vitambaa nanunua Murshid Bazaar, fimbo na vikorokoro vyake Dragon Mart. Bei tunapatana kwa dirhamu. Ukishachomeka kadi, kioo cha mashine kinakuletea bei mbili: moja ya dirhamu, nyingine ya fedha ya akaunti yako, iwe shilingi au dola. Mgeni huona amefanyiwa hisani. Kumbe hapo anauziwa fedha, na wauzaji ni lile duka na kampuni inayoendesha mashine yake. Kiwango wanakipanga wao na faida yao imo humohumo. Ukichagua dirhamu, anayebadilisha ni mtandao wa kadi yako, Visa au Mastercard, kwa kiwango cha siku ambacho mtu yeyote anaweza kukitazama kwenye tovuti zao. Juu yake benki yako inaweka makato yake.

Mwenye kadi ya akaunti ya dola anaweza kuwakamata hata bila kalamu. Dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa na dola tangu mwaka 1997: dola 1 ni dirhamu 3.6725, mwaka nenda mwaka rudi. Tuseme mzigo ni dirhamu 11,000. Gawanya, unapata kama dola 2,995. Mashine ikikuonyesha dola 3,115, hizo 120 za juu si bei ya kitambaa. Ni asilimia 4 ya kubadilishiwa fedha, na wapo wanaotoza zaidi ya hapo. Mwenye akaunti ya shilingi ana kazi ngumu zaidi, kwa sababu shilingi yetu inapanda na kushuka. Akiona mamilioni yamejipanga kwenye kioo hana namna ya kujua lipi ni deni na lipi ni chumvi. Halafu asidhani kwamba kwa kuchagua shilingi ameyakwepa makato ya benki yake. Benki nyingi hutoza kwa sababu tu duka liko nje ya nchi, kwa hiyo mtu analipa huku na huku.

Vijana wengine wa kaunta hawaulizi, wanabonyeza wenyewe. Sema "dirhamu" kabla kadi haijatoka mkononi, na risiti isome kabla ya kuweka sahihi. Ukikuta imeandikwa USD au TZS, mwambie aufute muamala palepale na kuurudia. Usimwonee haya, hata kama amekupa chai. Risiti za namna hiyo huwa na mstari mdogo wa Kiingereza unaosema mteja alipewa hiari na amekubali. Ukishausaini, malalamiko ya wiki ijayo yatakuwa na uzito gani?

Kwa mzigo mkubwa sana kadi yenyewe ifikirie mara mbili, kwa kuwa makato ya asilimia yanakua kadiri mzigo unavyokua. Kutuma kwa TT, yaani kuhamisha fedha moja kwa moja kutoka benki yako kwenda akaunti ya muuzaji, mara nyingi kuna ada isiyopanda kwa kasi hiyo. Yapo pia maduka yanayoongeza bei kwa anayelipa kwa kadi, basi uliza kabla hamjapatana, si baada. Fedha taslimu nazo zina adha yake, tukiacha hatari ya kuibiwa: ukiingia kule na zaidi ya dirhamu 60,000 unatakiwa utoe taarifa forodhani.

Sasa nigeukie benki zetu. Niliuliza tawini kwangu, kwa adabu, wanakata asilimia ngapi nikilipa nje ya nchi. Nikajibiwa kuwa "mfumo unajikokotoa." Baba, hata mimi najua mfumo unakokotoa; nauliza umeambiwa ukokotoe nini! Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinataka mteja aelezwe gharama anazotozwa. Karatasi niliyopewa pamoja na kadi ilikuwa na ada ya mwaka na ada ya kutoa fedha kwenye ATM. Ya kubadilisha fedha haikuwemo.

Naiomba Benki Kuu iwaagize watoe karatasi ya Kiswahili yenye mfano mmoja tu: mteja amenunua bidhaa ya dirhamu 10,000, na kwenye akaunti yake ya shilingi, au ya dola, kimetoka kiasi hiki, kati yake benki imechukua hiki. Ibandikwe na ukutani, pale wanapobandika viwango vya kununua na kuuza dola.

Muuza mapazia,
Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo,
Dar es Salaam