Kwa nini tunatoza shilingi 6,000 kulaza mlingoti

Juzi nahodha mmoja alinisimamisha njiani hapa Lamu, mbele za watu, akasema sisi tunaolaza na kusimamisha milingoti tumemwibia: shilingi 6,000 kwa kulaza mlingoti wa mashua, kazi ya saa moja. Si wa kwanza. Kila Kusi, msimu wa upepo wa kusini, ikikaribia, vyombo vikipandishwa pwani kuzibwa nyufa kwa kalafati na kupakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, lalamiko ni hilo hilo: "Vijana wanne ninao, henza ninayo, niwalipe ya nini?"

Henza, kamba ya kupandishia tanga, ndiyo inayoponza watu. Inapita kichwani mwa mlingoti na kushuka hadi shinani, na aliyeishika amesimama hapo hapo. Akivuta anaukandamiza mlingoti chini, haurudishi nyuma. Na mlingoti wa mashua umeinamia omo, yaani mbele ya chombo, tangu siku ulipowekwa. Ukifungua kamba zinazoufunga kwenye boriti, ndiko unakokwenda. Mwanzo mtu mmoja anauzuia kwa mikono. Ukifika nusu ya njia uzito umekuwa kama mara nne, na hapo ndipo vijana huachia.

Mwaka jana tuliletewa mashua iliyolazwa hivyo. Mlingoti wa mvinje, mita 6, ulijizungusha ukaangukia ubavuni. Kitako cha mlingoti kilipasuka shibiri mbili, na mwashiri, ubao unaokalia kitako hicho, ukang'oka misumari. Kijana mmoja alinusurika kwa sababu aliteleza akaangukia upande wa pili. Mwenye chombo aliokoa 6,000, akatulipa 38,000, na mwezi mzima hakwenda baharini.

Sisi hushusha kwanza tanga na foromali, mti unaobeba tanga, vikatolewa chomboni kabisa. Mashua inakaa pakavu, imeegemezwa magogo pande zote mbili. Chombo kikielea hatugusi mlingoti hata bahari ikiwa shwari, maana boti ya injini ikipita, wimbi lake linatosha. Kamba nne tunazifunga juu ya nusu ya mlingoti: ya omo, ya tezi, yaani nyuma, na mbili za mbavuni. Ile ya tezi inazungushwa mara tatu kwenye gogo lililochimbiwa mchangani, mbali kuliko urefu wa mlingoti, na mzee wetu ndiye anayeilegeza. Hapewi mwingine hata akiomba. Kabari hutolewa mwisho. Anasema mmoja tu, wengine kimya.

Wakati wa kusimamisha tunadunga kitako kwa kisu kwanza. Ncha ikizama kirahisi, mti umeoza na hatuusimamishi. Wengine hukasirika hapo pia.

Hiyo 6,000 inagawanywa kwa watu watano, na kamba tunabadilisha kila mwaka. Wenye ngalawa ndogo hatuwatozi hivyo. Mlingoti wao watu wawili wanaubeba begani, njooni tuwaonyeshe bure.

Nahodha, kama unataka kupandisha kabla ya Kusi, tuarifu siku tatu nne kabla ya bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana. Maji makubwa yatatusogezea chombo juu, yakitoka tufanye kazi pakavu.