PCB ya shemeji, EGM ya mpwa wangu

Columbus, Ohio
Februari

Shikamoo dada,

Sisi huku hatujambo, baridi tu ndiyo haijatuachia. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka pale shemeji alipokukatiza, "PCB, basi!", yaani mtoto asome fizikia, kemia na baiolojia. Hongereni kwa matokeo ya mpwa wangu ya kidato cha nne. B ya hisabati na B ya jiografia si mchezo.

Umeuliza huku watoto wanachaguaje masomo. Binti yangu yuko darasa la kumi, juzi kaleta fomu ya masomo ya mwakani. Kombi, ya masomo matatu kama yenu ya kidato cha tano na sita, hakuna. Wanachagua upya kila mwaka, na anayetaka uhandisi bado anasoma historia. Chenye ngazi ni hisabati: algebra ya kwanza, jiometri, algebra ya pili, matayarisho ya kalkulasi, ndipo kalkulasi. Aliyeanza algebra darasa la nane anaifikia kalkulasi la kumi na mbili. Aliyechelewa asome likizo. Halafu kuna masomo ya kiwango cha chuo, wanayaita AP, mtihani wake kila Mei, alama 1 hadi 5. Ukipata 3, vyuo vya serikali hapa Ohio vinakuhesabia. Basi wazazi wanawarundikia watoto matano, sita, mtoto hapati usingizi! Kumbe chuo hupelekewa alama pamoja na maelezo ya shule yenyewe, kwa hiyo wanajua shule ilifundisha nini na mtoto akachagua nini. Wanataka aliyechukua magumu akayaweza. Wa kwangu kachukua mawili, kemia na historia ya Marekani. Mama yake kanuna.

Lakini huyu akikosea, mwakani anabadilisha. Wa kwenu herufi tatu zitamfuata hadi chuo, ndiyo maana naandika kirefu.

Udaktari unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, na zote tatu zisipungue D kidato cha sita. Mpwa wangu ana C ya fizikia. Mwambie shemeji kwamba C ya kidato cha nne inaanzia 45, na 45 hiyohiyo kidato cha sita ni E. Mtoto aliyeipata C kwa kukesha, huko atakesha mara ngapi? Na hilo la kwamba udaktari ukishindikana atakwenda uhandisi, apate kazi kwenye bomba la mafuta hapo Chongoleani, Tanga, nimecheka peke yangu. Uhandisi unataka hisabati ya juu, na PCB haina. Wanapewa hisabati nyepesi ya nyongeza tu.

Mimi naona EGM, yaani uchumi, jiografia na hisabati. Hisabati anaipenda, jiografia anaiweza, na uchumi wengi huanza nao upya kidato cha tano. Shahada nyingi zinaanzia masomo makuu mawili yenye jumla ya pointi 4; uchumi, takwimu, uhasibu, vyote viko njia hiyo. Tena takwimu, dada, hospitali na bandari zote zinahitaji watu wake. (Hili mwambie shemeji polepole, akiwa ameshakula.)

Kama alijaza PCB kwenye fomu, TAMISEMI, wanaowapangia shule za kidato cha tano, hufungua mfumo baada ya matokeo ili wabadilishe. Namba yake ya mtihani iwe karibu, na asimwachie kijana wa stesheneri amchagulie.

Nitapiga Jumapili baada ya magharibi yenu. Simu apokee yeye mwenyewe, nimsikie anataka nini, maana katika ujumbe wako wote nimemsikia shemeji na wewe tu.

Nisalimie Ngamiani nzima.

Ndugu yako