Barua ya Wazi kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi: Fort Ternan Tunaomba Treni ya Mchana

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Fort Ternan, Kaunti ya Kericho. Siombi reli mpya. Iliyopo naijua, na ndiyo ninayokuandikia.

Reli hii ilipita hapa mwaka 1901 ikielekea ziwani. Tarehe 20 Desemba mwaka huo, Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston, akagongelea msumari wa mwisho Kisumu, ambako Waingereza walikuita Port Florence. Kabla ya kutufikia ilibidi iteremke milima ya Mau, na mteremko huo ulidai madaraja 27 ya chuma, kazi ya kampuni kutoka Marekani. Jina la stesheni yetu ni la afisa wa Kiingereza, Trevor Ternan. Wenyeji hawakuulizwa, ila sasa tumelizoea.

Kwa miaka mingi mizigo ya Uganda ilipita hapa mpaka Kisumu, ikavushwa kwa meli. Reli ya Eldoret ilipofika Kampala mwaka 1931, mizigo ikabadili njia, nasi tukabaki tawi. Hata hivyo stesheni ya kijiji ilikuwa na kazi. Steshenimasta alipokea simu za maandishi, karani alikata tiketi za daraja la tatu, vifurushi na magunia yakapakiwa kwenye behewa la mizigo, na mwenye gunia akasafiri nalo.

Treni ya abiria iliporudishwa Desemba 2021, baada ya kukarabatiwa kilomita 217 za Nakuru hadi Kisumu, tulishangilia. Lakini iliondoka Nairobi Ijumaa jioni ikafika Kisumu Jumamosi asubuhi. Piga hesabu, Mheshimiwa: kwetu inapita gizani. Ratiba hiyo inamfaa anayetoka jijini kwenda nyumbani wikendi, na simlaumu. Mama wa hapa mwenye ndizi na nyanya haimfai hata kidogo.

Tunachoomba ni treni moja ya kusimama kila stesheni, iondoke Nakuru Jumamosi asubuhi, ipitie Njoro, Molo, Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Koru na Muhoroni, ifike Kisumu jioni. Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye, hukohuko Kisumu. Irudi Jumatatu, mchana vilevile. Iwe na behewa la mizigo, maana kwenye matatu mama huyo hulipia kiti, kisha akalipia magunia.

Wageni nao wangekuja. Mwaka 1961 mtafiti wa mambo ya kale Louis Leakey alichimbua karibu na hapa mabaki ya Kenyapithecus, sokwe wa kale, ya miaka milioni 14 hivi. Atakayeshushwa usiku atamuuliza nani njia?

Mabehewa yakiwa machache, anzeni na mawili ya abiria na moja la mizigo. Na tiketi ziuzwe pia dirishani kwa pesa taslimu, ratiba ibandikwe ukutani kwa Kiswahili, kwa sababu wazee wengi wa hapa hawanunui kitu kwa simu.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Fort Ternan